Kitanda Kimekwenda Mugumu

Jumapili, 9 Machi

Sikumjibu jirani yangu Luciana kitu. Mtu aliyeolewa juzi hana jibu la haraka akiulizwa bombani mbele ya watu, "Hivi bibi harusi, huyo mumeo anafanya kazi gani hasa?" Nilikwisha kumwambia ni mchoraji. "Wa mabango ya saluni?" Ndiyo, ya saluni, na ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa shule, na miaka ile tembo wa kuwauzia watalii kule upande wa hifadhini. Lakini kuna kazi nyingine anayoifanya Erasto wangu ambayo haina jina la kumwambia jirani mwenye ndoo kichwani.

Leo imepata jina. Dada mmoja kutoka Mwanza, Agness, anakusanya wasanii wa Tarime na Serengeti kwa maonyesho yatakayofanyika Mugumu mwezi wa tano. Alikuja hapa kwetu Turwa, akanywa chai yangu, akazitazama picha zote za tembo, kisha akasema: "Kaka Erasto, wanyama tunao wa kutosha. Mimi nataka sanaa ya sasa, inayotoka kwenye maisha yako mwenyewe. Kitu ambacho usipokitoa wewe hakuna mwingine wa kukitoa."

Agness alipoondoka, Erasto alinitazama nikiosha vikombe. Nikamuuliza, "Sasa hayo maisha yako utayatoa wapi?"

Akasema, "Si ndiyo haya yanaosha vikombe?"

Ee Mungu! Nimeolewa tangu Januari, na bado nikisikia hodi yake mlangoni moyo unaruka kama wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Naliandika hili nisije nikalisahau nikiwa bibi kizee.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nguo hazijakauka. Nina furaha.

Jumapili, 16 Machi

Niliamka asubuhi nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, ananichora nikiwa usingizini. Amenichora mdomo wazi! Nilimrushia mto. Akaudaka, akasema, "Kuna mkunjo unakuja shingoni kwako ukilala tu. Wewe mwenyewe hujawahi kuuona." Nani mwingine Turwa nzima anayetazamwa hivi? Luciana ana mume, Chrispin, yuko machimboni kwenye dhahabu. Akija nyumbani anatazama mpira.

Jumatatu, 24 Machi

Vitu vinaondoka. Kwanza kitana changu, kisha kanga niliyofungwa siku ya harusi, kisha kikombe chenye ufa, kisha kandambili moja ya kushoto. Anavipanga kwenye maboksi. Ukiuliza kitu unaambiwa, "Kipo kwenye kazi." Leo nimechana nywele kwa kitana cha Luciana.

"Endelea kucheka," Luciana akaniambia. "Mwishowe atakupigilia msumari ukutani na wewe, watu waje wakuone kwa zamu."

Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Nilipobaki peke yangu nikakuta sicheki tena.

Jumamosi, 29 Machi

Tulipotoka kanisani ndipo Erasto akaniambia. Kazi yake ni kitanda chetu.

"Kile kile," akasema, anatembea haraka mpaka nikawa namkimbilia na viatu vyangu vya Sabato kwenye tope. "Na godoro lake, na chandarua, na mito uliyoidarizi majina yetu. Nakisimamisha katikati ya ukumbi Mugumu. Watu waone mahali mtu anapoanzia kuishi."

Uso ulinichoma, nusu kwa aibu na nusu kwa kujisikia malkia. Halafu nikakumbuka. "Na baba yako?"

Hapo alipunguza mwendo. Ni Mkurya kama mimi, hakuhitaji kuelezwa. Luciana, ambaye kwao ni Bukoba, ndiye niliyelazimika kumweleza jioni, naye alinikodolea macho. Kwetu sisi baba mkwe hakioni kitanda cha mke wa mwanawe. Chumba hicho haingii hata nyumba ikiungua. Atasimama nje apige kelele. Mimi na Mzee Wangwe, baba yake Erasto anayemwita Tata, hatushikani mikono, wala hatutazamani machoni. Nikikutana naye njiani, ni mimi ninayeacha njia. Nasimama majanini, nasema shikamoo nikitazama chini, naye anaitikia akitazama ng'ombe wake. Si chuki hata kidogo. Siku ya harusi alinipa ndama kwa mkono wa mama mkwe, na nasikia huko kwao Machochwe hamalizi siku bila kunitaja. Ndiyo heshima yetu ilivyo. Lakini ina meno. Baba mkwe akikikalia kitanda hicho, wanasema, mtoto wa kitanda hicho hakai. Anatoka kabla ya wakati, au anakuja kisha anarudi.

Sisemi ni kweli. Nimesoma biolojia mpaka kidato cha nne, na nilifaulu vizuri. Ila shangazi yangu kule kijijini, mvua ya mawe ilimkuta baba mkwe wake njiani, akakimbilia nyumba iliyokuwa karibu, akaingia gizani na kuketi palipokuwa laini. Shangazi alipoteza mimba mbili. Nikiwa mdogo nilimsikia akilia nyuma ya ghala, na kilio kile hakimo katika kitabu chochote cha biolojia.

Erasto alinishika mabega pale pale barabarani. "Tata atakuja siku ya ufunguzi tu, mchana. Nitaweka pazia. Nitampitisha upande wa michoro, atakunywa soda, atarudi Machochwe akijivuna. Kitanda hatakiona. Nakuapia, mke wangu."

Akaapa akinitazama kwa macho yale. Ningekataa vipi?

Jumatatu, 7 Aprili

Leo alitaka sauti yangu. Nisiseme maneno, nitandike tu kitanda nikijiimbia puani kama ninavyofanya kila siku. Aliweka simu dirishani ikirekodi, naye akaketi sakafuni amefumba macho. Nilitandika, nikatandua, nikatandika tena, mpaka nikachoka nikaketi.

"Zima hiyo," nikamwambia. "Nina neno."

Akainuka, akaigusa simu.

"Siku zangu zimepita, Erasto. Zimepita kabisa. Nadhani tuna mgeni."

Alikuja akapiga magoti, akaweka kichwa chake mapajani pangu, na kanga yangu ikalowa. Mimi nilidhani wanaume wa kwetu hawalii. Nilimshika masikio yake mawili kama mtu anayeshika sufuria ya moto, nikasema, "Sasa hili ni letu. Hili lisiingie kwenye kazi."

"Hili haliingii," akasema. "Hili ni letu."

Jumatatu, 14 Aprili

Natapika. Mvua. Hata ugali una harufu.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimeogopa kitu nisichokijua jina.

Nililia. Halikuwa jambo la maana, ni dagaa wa jirani tu, harufu ilinijaa na machozi yakaja yenyewe. Nikanyoosha mkono nimshike Erasto. Mkono wake ulikuwa unakuja, niliuona kabisa ukija. Halafu ukakata njia, ukaenda kwenye penseli.

"Baki hivyo hivyo," akasema kwa upole. "Kidogo tu, mpenzi."

Nikabaki. Machozi yalikauka yenyewe mashavuni huku yeye akichora. Picha ni nzuri, sitadanganya. Ni mimi hasa. Lakini aliponikumbatia nilikuwa nimekwisha kunyamaza, na nilijiuliza amemkumbatia yule aliyekuwa akilia au huyu wa kwenye karatasi.

Hii ni mimba inayosema. Nampenda sana.

Ijumaa, 2 Mei

Barabara ya kwenda Mugumu ilikatika kwa maji, sasa inapitika. Paa linavuja juu ya maboksi, Erasto ameyahamishia upande wangu wa kitanda. Upande wangu wa kitanda!

Alhamisi, 15 Mei

Kitanda kimeondoka. Alikifungua kwa spana, ubao kwa ubao, akafunga kamba, vijana wakapandisha kwenye pikapu na kufunika turubai. Shuka na mito vimewekwa peke yake kwenye mfuko mweusi. Erasto amekwenda navyo, mimi nitafuata Jumapili. Alinibusu mbele ya Luciana na wote waliokuwa bombani, wakashangilia kama goli limefungwa.

Chumbani vumbi limeacha alama ya pembe nne. Nimelala kwenye godoro la kuazima, kando ya alama, sikutaka kulala juu yake.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika haraka, maandishi yatakuwa mabaya.

Nilitoka ibadani, nikaketi kwenye ngazi ya Luciana na kufungua simu. Kundi la WhatsApp la maonyesho lilikuwa na picha mpya, na chini yake Agness ameandika: "Mzee wetu, fundi wa kujitolea! Asante sana baba."

Ni Mzee Wangwe. Ameketi juu ya kitanda changu. Godoro halijatandikwa, chandarua kimefungwa juu vizuri, ana spana mkono mmoja na soda mkono mwingine, na anacheka. Sijawahi kuyaona meno ya baba mkwe wangu. Nimeyaona leo.

Nilimpigia Erasto. Alipokea akihema. Alisema vijana wa kubeba hawakutokea kwa sababu ya mvua, naye alikuwa ametoka kutafuta waya wa umeme. Baba yake amekuja siku moja kabla, bila kusema, eti alitaka kuhakikisha paa la ukumbi halivujii kazi ya mwanawe. Akamkuta Agness peke yake na rundo la mbao. Agness atajua nini? Akasema, "Mzee, tusaidie." Mzee Wangwe anapenda kusaidia. Alikiunga chote, akafunga na chandarua, akaketi kupima kama kinalia, kama anavyopima mwanamume yeyote aliyeunga kitanda.

"Umemwambia?"

"Hajui ni cha nani. Nimemwambia ni vifaa vya maonyesho. Tusimwambie, Rahabu, ataumia bure."

"Erasto, mimi nina mimba."

"Najua una mimba. Pumua. Ni mbao zile." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa laini, ikawa ile ya siku ya penseli. "Lakini unajua, ile picha..."

"Usithubutu."

"Sijasema kitu."

"Nimekusikia ukifikiri."

Luciana alikuwa akipepeta mchele. Nilimwonyesha picha, akaanza, "Yaani kwetu mkwe akija analazwa chumba kizuri kuliko vyote, tena anadai na..." Akaniangalia usoni, akauweka ungo chini. "Unaogopa kweli?"

"Naogopa kweli."

"Lakini wewe umesoma."

"Nimesoma. Naogopa nikiwa nimesoma."

Hakutania tena. Alinishika mkono mpaka mvua ilipotufukuza ndani.

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi Turwa jioni hii. Nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani yatanila.

Nilifika Mugumu watu wamekwisha kujaa. Walimu, wafanyabiashara wa sokoni, wazungu wachache, vijana wengi na simu zao. Sikuingia. Niliona koti la Mzee Wangwe ndani, koti lake la harusi yetu, kwa hiyo nikasimama nje kwenye dirisha kama inavyotakiwa. Nilitafuta pazia. Hapakuwa na pazia. Baadaye Agness aliniambia bila ubaya wowote kwamba aliliondoa yeye, lilikuwa linaua kazi, na Erasto hakubisha.

Kitanda kilikuwa katikati. Kimetandikwa shuka zangu. Mito iko mahali pake, nyuzi nyekundu, Rahabu upande huu, Erasto upande ule. Kwenye ukuta nyuma yake, kubwa kama mlango, ile picha. Mzee Wangwe anacheka juu ya godoro.

Na Mzee Wangwe mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, soda mkononi, anafurahi! Watu walikuwa wakimwonyesha kidole, "Ni yeye huyu," naye akitikisa kichwa kwa haya. Nilimwona akisogea kwenye mto. Anasoma polepole, kwa kufuata herufi na kidole. Kidole kilifika kwenye jina langu kikasimama.

Wakati huo huo sauti ikaanza. Spika iko chini ya kitanda. Ni mimi najiimbia puani, shuka linapigwa, linanyooshwa. Nilijiona nimevuliwa nguo nikiwa nimesimama kwenye mvua, lakini nikajisemea, ni wimbo tu, utapita. Haukupita. Nilijisikia nikisema, "Zima hiyo. Nina neno." Nikajua kinachofuata na sikuwa na mkono wa kukizuia. "Siku zangu zimepita, Erasto. Zimepita kabisa. Nadhani tuna mgeni."

Kina mama walipiga vigelegele. Kuna msichana alifuta machozi. Watu walipenda, Mungu wangu, walipenda mno.

Mzee Wangwe alitazama mto, akatazama picha, kisha akatazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeshika kitu chenye sumu. Aliiweka soda sakafuni taratibu. Akaja mlangoni.

Nami nilikuwa nimetoka dirishani nikasogea mlangoni. Ilinipasa kutoka njiani na miguu ikakataa. Tulikuwa uso kwa uso kwenye kinjia cha mawe cha kuingilia, na pande zote mbili maji ya mvua yamesimama. Yeye ndiye aliyetoka. Mzee yule, kwa koti lake, alishuka majini mpaka maji yakapita vifundo vya miguu, akasimama huko akitazama chini, kama ninavyosimama mimi nikimpisha.

"Sikujua," akasema. Hakuniambia mimi, aliyaambia maji. "Mungu anaona, sikujua."

Hata shikamoo sikutoa. Nilipita. Nilipogeuka alikuwa anakwenda zake kwenye mvua bila kofia.

Erasto akatoka mbio, uso unang'aa. "Umeona? Rahabu, umeona watu wanavyolia mle ndani?" Kisha akaniona.

"Uliizima simu siku ile?"

"Niliigusa. Nilidhani imezima. Halafu nilipoisikia, sikuweza kuifuta. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza."

"Hukukitengeneza," nikamwambia. "Nilikuambia wewe."

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Sijala. Erasto yuko Mugumu.

Jumanne, 20 Mei

Mama mkwe alipiga simu asubuhi. Nilipoona jina lake nilisimama, kama vile angeniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumbo likoje?"

"Zima, mama."

"Sema kweli."

"Ni kweli, mama. Zima."

Akashusha pumzi. Akaniambia Mzee Wangwe hajaingia nyumbani tangu Jumapili. Analala kwenye kibanda cha kulindia mahindi, kule mwisho wa shamba, karibu na hifadhi, na juzi tembo walipita kwa jirani wakala robo ya shamba lake. Chakula anapelekewa, anakula akiwa amesimama. Anasema mikono yake isiguse chungu wala mlango wala mtoto wa mtu mpaka mambo yatengenezwe.

"Yanatengenezwaje, mama?"

"Anachinjwa kondoo. Majani ya tumboni mwake mnapakwa kifuani, wewe na yeye, wazee wakiwepo. Basi. Kila mtu anarudi kwake. Lakini amenikataza kukuita. Anasema wewe ni mtu wa kanisa na wa shule, utaona tunakurudisha nyuma. Anasema alichofanya kinatosha." Kisha akasema polepole, "Haogopi tembo, mwanangu. Anaogopa simu yako ya habari mbaya."

Hilo niliandika saa nne. Sasa ni mchana na nimeona damu. Kidogo, kama mtu aliyejichoma sindano. Nimeketi hapa sisogei. Luciana amekwenda kutafuta bajaji.

Jumatano, 21 Mei

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Alinipima, wakanipiga picha ya tumbo, akanigeuzia kioo nione. Kitu kidogo kinapigapiga kama kope la jicho. Alisema bado kipo, damu kidogo hutokea kwa wengine na mimba ikaendelea, kwa wengine isiendelee, hawezi kuniapia. Nilale, nisibebe ndoo, nirudi kwake Jumatatu.

Nilimuuliza kama hofu inaweza kutoa mimba. Akanitazama. "Unaogopa nini?"

Ningemwambia nini, baba mkwe wangu aliunga kitanda vizuri mno?

Alhamisi, 22 Mei

Erasto amerudi. Ameleta ile picha imeviringishwa, ameibandua mwenyewe, na sauti ameizima. Anasema Agness amekasirika, anasema kitanda bila picha na sauti ni duka la samani. Aliketi sakafuni, kwenye ile alama ya vumbi, nikamwambia habari ya damu.

Nilikuwa nautazama mkono wake. Naona aibu kuandika hivi juu ya mume wangu, lakini sikutazama uso, nilitazama mkono. Ulikaa kwenye goti lake. Haukwenda popote. Sijui kama ulikuwa umetulia au alikuwa ameushika.

"Nimekuuza," akasema.

"Hujaniuza. Umenionyesha. Sijui kipi ni kibaya zaidi."

Akalia. Nami nililia. Hakuna aliyemchora mwenzake. Bado ana masikio yale yale, na bado nayapenda, na ndiyo maana naogopa sana.

Ijumaa, 23 Mei

Damu imekatika. Sithubutu kufurahi kwa sauti.

Nimewaza tangu asubuhi nikiwa nimelala chali kama mgonjwa. Mzee wa kanisa akisikia habari ya kondoo ataniita. Luciana anasema kondoo si dhambi, kondoo ni nyama, na kama kuna mtu wa kuitwa ni yule mwenye spika. Mimi sijui kama kondoo anajua lolote kuhusu mimba. Ninachojua ni kwamba kuna watu wawili wanaoogopa kitu kimoja, mmoja kwenye godoro la kuazima Turwa, mwingine kwenye kibanda cha mahindi Machochwe, na hakuna anayeruhusiwa kumwambia mwenzake pole. Huyo kondoo ndiye njia pekee wazee waliyotuachia ya kuambiana.

Nikamwambia Erasto: "Nikipona nakwenda kwenu. Ukitaka twende wote. Lakini simu yako na penseli vinabaki kwa Luciana."

Akakubali mara moja. Halafu, kwa kuwa si mwongo, akasema, "Na nikikumbuka? Kichwa siwezi kukiacha kwa Luciana."

Nilimwona akiniogopa kidogo, nami nikimwogopa, na mvua inapiga bati. Nikampigia mama mkwe yeye akiwa ameketi pale pale anasikia.

"Shikamoo mama. Kondoo atafutwe."

"Tumbo likoje?" akauliza, na nyuma yake nilisikia mtu akikohoa, kikohozi cha mwanamume aliyelala nje, amesimama mbali ili asinisikie, na karibu ili anisikie.

Safari hii nilimweleza yote, damu na muuguzi na kile kitu kinachopigapiga. Nilisema kwa sauti kubwa, nimsaidie aliye mbali.

"Sasa mwambie arudi ndani, mama."

"Hatakubali mpaka uje."

"Basi mwambie awashe moto mkubwa kibandani, tembo wauone. Jumatatu naonana na muuguzi. Akiniruhusu napanda gari, na huyu akija au asije, mimi nakuja. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa hapo kwenu."